Ndege ya Vita Katika Stoo ya Kanisa

Sanduku lilikuwa nyuma kabisa, chini ya mabati chakavu na ngoma ya kwaya iliyopasuka. Tulikuwa tunasafisha stoo ya usharika tupate mahali pa kuweka mahindi ya Sikukuu ya Mavuno. Pamoja nasi alikuwepo mzee wa kanisa ambaye kazi yake ni useremala, na vijana watatu waliokuwa wamepata kipaimara mwaka ule. Fundi alidhani ni sanduku la vitabu vya nyimbo. Tulipong'oa misumari tukakuta bawa.

Ilikuwa ndege ya mfano, ya kuongozwa kwa rimoti, iliyoachwa na mwalimu kutoka Ulaya aliyefundisha maeneo haya kabla sisi hatujahamishiwa hapa. Ndani ya sanduku kulikuwa na mchoro mkubwa uliokunjwa, wenye jina la ndege yenyewe: B.E.2c, ndege ya Waingereza ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, mbawa mbili juu na chini. Mfano ulikuwa sehemu moja ya sita ya ukubwa halisi. Ndege ya kweli ilikuwa na upana wa zaidi ya mita 11 kutoka ncha ya bawa hadi ncha. Hii yetu ilikaribia mita 1.9, nayo haikuweza kugeuzwa ndani ya stoo bila kugonga ukuta. Panya walikuwa wamezaa tumboni mwake. Mchwa walikuwa wamekula mbavu za bawa la chini upande wa kushoto, wakaacha kitambaa kikining'inia kama ngozi ya ng'ombe wa kiangazi.

Tuseme ukweli mapema: tuliipenda. Usharika wetu uko kusini mwa Mlima Meru, juu ya barabara ya Moshi, na sisi tulikulia papo hapo. Tulipokuwa watoto tulikuwa tukiacha mbuzi waingie shambani kwa watu huku tukikodolea macho ndege zinazoshuka Uwanja wa Kilimanjaro. Baadaye tulisoma Makumira, tukafundishwa Kiyunani na namna ya kuandaa mahubiri, lakini hakuna aliyetueleza kwa nini kitu cha mbao na kitambaa kinapanda hewani. Sasa tulikuwa na miaka zaidi ya 40, na jibu lilikuwa mezani mbele yetu, limevunjika vipande.

Kazi ilichukua miezi saba, jioni za Jumanne na Alhamisi, katika chumba cha mafundisho ya kipaimara. Mbao ya balsa, ambayo ni nyepesi kuliko mbao yoyote fundi aliyowahi kushika, haipatikani madukani kwetu. Ilitujia kutoka Nairobi kwa dereva wa basi dogo la Namanga, vibao vichache kila safari. Palipohitaji nguvu fundi alitumia mgrevilia na vipande vya mianzi. Alitengeneza kielelezo cha ubavu mmoja kwa bati, akakata mbavu 14 kwa kisu cha kunolea penseli, zote zikalingana. Vijana walijifunza kwake jambo ambalo sisi hatukuwahi kuwafundisha darasani, yaani kwamba gundi haiharakishwi.

Kitambaa ndicho kilichotutoa jasho. Siku hizi mifano hufunikwa kwa karatasi maalumu ya plastiki inayojivuta inapopigwa pasi. Umeme ulikatika katikati ya bawa la juu. Kijana mmoja akakimbia kwao akaleta pasi ya mkaa ya bibi yake, na kwa dakika kumi tulijiona wajanja sana, mpaka cheche moja ikatoboa tundu la ukubwa wa shilingi. Kiraka bado kinaonekana. Nyaya za kukaza mbawa tulizitengeneza kwa kamba za gitaa zilizokatika, ambazo kwaya ya vijana ilikuwa nazo nyingi.

Halafu kuna uzani. Ndege ikiinuliwa kwa vidole viwili chini ya bawa, mahali palipowekwa alama kwenye mchoro, inapaswa itulie wala isielemee mkia. Yetu ilikaa kama kuku anayetaga. Injini ya ndege ile ya zamani ilikuwa chuma kizito puani. Sisi tuliweka mota ndogo ya umeme na betri, kwa hiyo pua ikawa nyepesi. Ilibidi tuongeze risasi, zile za kuvulia samaki. Fundi alicheka: ndege ya vita inabebeshwa risasi ili isianguke. Tulicheka wote, na fundi akachonga pia mabomu manne madogo ya mgrevilia, kwa kuwa mchoro uliyaonyesha chini ya mbawa, na vijana wakayapaka rangi ya fedha.

Jioni zile tuliwasimulia vijana habari za vita yenyewe, maana ilipita hapa. Longido, ambako tunakwenda kwenye mikutano ya injili, palipiganwa Novemba 1914. Mwezi huohuo kule Rufiji, rubani kutoka Durban aitwaye Cutler aliruka na ndege inayotua majini akaiona manowari ya Kijerumani, Königsberg, ilikojificha kwenye mikoko. Ilipopigwa tarehe 11 Julai 1915, ndege aina ya Henri Farman ilikuwa angani ikiwaelekeza wapiga mizinga wa Kiingereza kwa redio. Ikapigwa. Rubani Cull aliishusha taratibu kuelekea mtoni, na mwenzake Arnold, huku wanaanguka, aliendelea kutuma maelekezo. Wote wawili walipona. Vijana walitaka hadithi hiyo kila wiki, nasi tuliisimulia kwa furaha, kwa maana ushujaa ule ni wa kweli.

Ndege za aina ya hii yetu zilikuja mwaka 1916 na Kikosi cha 26, cha marubani kutoka Afrika Kusini, kilichoweka uwanja wake Mbuyuni, mbele ya Taveta, jeshi la Jenerali Smuts lilipokuwa linajiandaa kuwasukuma Wajerumani kutoka Kilimanjaro. Machi mwaka ule Moshi na Arusha zikatekwa. B.E.2c ilibuniwa iwe tulivu, iruke yenyewe bila kuyumba, ili walio ndani wapate nafasi ya kutazama chini na kuandika. Huko Ulaya utulivu huo uliwaponza, maana ndege isiyogeuka haraka ilikuwa chakula cha ndege za Fokker za Wajerumani. Huku kwetu hapakuwa na Fokker. Shida ya marubani huku ilikuwa nyingine: walitumwa kuona, nao hawakuona. Pori lilificha kila kitu. Jeshi zima lingeweza kupita chini ya miti na mtu wa juu akaandika kwamba hakuna watu.

Tuliwaeleza vijana hayo yote, na bado hatukusikia tulichokuwa tunasema.

Baraza la wazee lilikuwa limeamua kwamba siku ya Mavuno ndege ipigwe mnada kwa namna yake: atakayetoa zaidi atashika rimoti, mchungaji akiwa pembeni. Fedha ingenunua mabati ya darasa la Shule ya Jumapili. Ingewekwa mbele pamoja na ndizi, mahindi na kuku, kama sadaka nyingine.

Wiki tano kabla ya siku hiyo alikuja bibi mmoja wa usharika wetu, amepita miaka 80, kuuliza ndizi zake azilete siku gani. Tukamwamkia shikamoo. Akaiona ndege mezani, imekamilika, na duara zake nyekundu, nyeupe na bluu.

"Hii ni ya nini, baba mchungaji?"

Kijana mmoja alituwahi. "Ni ndege ya vita, Bibi, ya mwaka 1916. Ndiyo waliyowapigia Wajerumani."

Bibi aliizunguka meza polepole. Akayagusa mabomu ya fundi kwa kidole. "Na watu waliokuwa wanaibebea mizigo yake, mmewaweka wapi?"

Tungeweza kuvuta kiti tukamkaribisha. Badala yake tulitabasamu, kama mtu mwenye shughuli anavyotabasamu, tukasema, "Bibi, hii ni ya kuchezea tu. Ni ya mabati ya watoto." Akatutazama kidogo, akasema haya, akaondoka.

Jumapili iliyofuata hakuja. Ya pili pia. Jumapili ya tatu ilikuwa ya Chakula cha Bwana, na mwanamke huyu hakuwahi kukosa Meza ya Bwana tangu tufike hapa, hata mwaka ule alipovunjika mkono. Mwinjilisti alisema labda ni baridi. Tulikubali haraka kwamba ni baridi.

Aliyetuumbua ni kijana yuleyule aliyemjibu Bibi. Katika kipindi cha vijana tulikuwa tunasoma Hotuba ya Mlimani, tukafika pale Bwana Yesu anapoagiza mtu aiache sadaka yake madhabahuni kwanza, aende akapatane na ndugu mwenye neno juu yake. Kijana akainua mkono.

"Mchungaji, ile ndege nayo ni sadaka?"

"Ndiyo, ni sadaka."

"Na Bibi ana neno juu yetu?"

Kuna maswali ambayo Makumira hawakufundishi kuyajibu. Kesho yake tulikwenda kwake, sisi, fundi na yule kijana.

Alitukuta tumesimama nje ya kihamba chake kama wadeni. Akatuketisha, akaagiza kahawa. Tukaomba radhi kwa jibu letu la siku ile. Akasema amesikia. Kisha akanyamaza mpaka kahawa ikaja, ndipo akaanza.

Babu yake, mzaa baba, alichukuliwa kubeba mizigo ya vita. Baba yake alikuwa mtoto wa miaka minne hivi. Ilikuwa wakati wa mvua. Alichokumbuka baba yake mpaka uzee wake hakikuwa sura ya yule mtu, maana alikuwa mdogo mno, alikumbuka harufu. Babu alipita siku moja karibu na nyumbani, yuko kwenye msafara, ana debe kichwani, na debe lilikuwa linavuja mafuta. Mtoto akambiwa, yule pale ni baba yako. Harufu ile ndiyo aliyobaki nayo. Alipokuwa mzee, kila akipanda basi alifunika pua kwa shuka, na watu wakidhani anajivuna.

"Hakurudi," Bibi alisema. "Na hapa hana kaburi. Mama yangu mkubwa alilima pale alipostahili kulala, kwa sababu ardhi haiwezi kukaa bure."

Tukauliza, kwa ujinga wa mtu aliyesoma historia, waliomchukua walikuwa Wajerumani au Waingereza.

"Baba alikuwa na miaka minne. Kwani mgongo unajua mzigo ni wa nani?"

Ndugu msomaji, mambo haya yameandikwa na tulikuwa tumeyasoma. Jeshi lililotoka Arusha likafika Kondoa Irangi Aprili 1916 lilisafiri zaidi ya kilometa 200 katika mvua za masika. Farasi na maksai walikufa kwa mbung'o, magari yakazama kwenye tope, na vitu vikahamia vichwani mwa watu. Pande zote mbili zilifanya hivyo. Hata mizinga kumi ya Königsberg, baada ya meli kuzama, iliburutwa na watu nchini kote. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa karibu kilo 25. Walichukuliwa kwa mamia ya maelfu, wakafa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa risasi. Kila mtu aliyefika Dar es Salaam amepita Kariakoo, na jina hilo limetoka kwa kikosi chao, kwa Kiingereza Carrier Corps. Tumenunua viatu pale mara nyingi.

Bibi akauliza ndege yetu ina uzito gani. Fundi akasema kilo nne na nusu. "Na debe?" Hapo hatukujibu. Akamgeukia kijana: "Siku ya Mavuno utaniletea debe langu la mahindi hapa kwa kichwa. Si kwa pikipiki."

Baraza lilikutana Ijumaa. Mzee mmoja alitaka ndege ichomwe moto, akisema chombo cha kuua watu hakina nafasi kanisani hata kikiwa cha mbao. Tulimkumbusha kwamba nabii Isaya haoni mapanga yakitupwa shimoni. Anayaona yakifuliwa majembe, chuma kilekile. Hakuridhika, na huenda ana haki. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi alisema wazi kwamba tunapoteza fedha ya mabati kwa ajili ya habari ya miaka mia moja iliyopita. Kuhusu fedha hakukosea: darasa lile lilinyeshewa msimu mzima uliofuata. Lakini mnada wa ndege ulifutwa, na fundi akang'oa mabomu yake manne kwa koleo, akayatia motoni jikoni kwake bila kusema na mtu.

Siku ya Mavuno kijana alijitwisha debe. Ni mwendo wa kilometa mbili hivi, wa kupanda, na debe la mahindi halifiki hata kilo 20. Kwenye daraja la kwanza alikuwa bado anatania. Kwenye la pili alilitua, akakaa juu ya ukuta, shingo imemkakamaa. Tulitembea nyuma yake tukiwa mikono mitupu. Tulitamani kumpokea, na Bibi, aliyekuwa anatangulia na fimbo yake, akatukataza kwa mkono tu. Alipofika aliletewa maji. Hakusimulia tena habari ya Arnold baada ya siku ile, au labda ni sisi tulioacha.

Jumapili ya kuwakumbuka marehemu tulisoma majina ya waliolala mwaka ule, na mwishoni jina la babu yake Bibi, lililokuwa halijasomwa katika kanisa lolote. Tulilisoma vibaya. Ni jina la zamani, na kwenye karatasi yetu lilikuwa limeandikwa na mtu aliyelisikia kwa simu. Bibi akasimama katika kiti chake, akalitamka mwenyewe, mara moja, kwa sauti, akaketi. Ametuomba tusiliandike katika kitabu hiki. Kisha alikuja mezani pamoja na wengine, akapiga magoti upande wa kushoto, mahali pake.

Ndege tuliirusha Januari. Ndege isiyo na rubani hairushwi kiholela nchini mwetu, hata ikiwa ya mbao, kwa hiyo tuliandika barua kwa wahusika na kusubiri ruhusa, tukachagua tambarare upande wa Oldonyo Sambu, mbali na njia za ndege na nyumba za watu. Tulimwambia Bibi kwa adabu tu, hatukutegemea. Alikuja na gari la kwaya, amebeba kigoda chake, akakiweka chini ya mgunga.

Huku juu hewa ni nyepesi na ndege huhitaji mbio ndefu kuliko mchoro unavyosema. Ilikimbia, ikaruka kama panzi, ikagusa chini, kisha ikapanda kweli. Sisi ndio tuliokuwa na rimoti, na mikono ilitetemeka kuliko siku ya kubarikiwa. Ilifanya kama vitabu vinavyosema: tulivu, nzito kugeuka, jua likipenya mbawa hata mbavu za fundi zikaonekana moja moja, Mlima Meru nyuma yake. Vijana walipiga kelele. Ilizunguka mara tatu.

"Baba mchungaji," Bibi aliita toka mgungani. "Aliye kule juu angeniona mimi hapa?"

Tulitazama mti, tukatazama ndege. "Hapana, Bibi. Matawi yamekufunika."

"Ndiyo," akasema.

Upepo wa mlimani ulianza, tukaishusha upesi mno, magurudumu yakagonga kichuguu na kuvunjika. Moja lilibingirika hadi karibu na kigoda. Bibi aliliokota, akalipuliza vumbi, akampa kijana. Ekseli mpya bado hatujaipata. Fundi anasema spoku ya baiskeli itatosha.